Binti kaambiwa "huendi ng'ambo kusomea uduvi". Tujadili krili

Mwalimu wa Tudor (mwenye uzi)

Assalam aleikum, na hamjambo wote.

Nina mwanafunzi niliyemfundisha Baiolojia hapa Mombasa miaka sita iliyopita. Digrii ya kwanza kamaliza, na sasa kapata nafasi ya kuendelea nje. Kazi yenyewe ni krili, wale wadudu wa bahari ya barafu kule Antaktika. Jumapili nikaitwa nyumbani kwao Kibokoni. Kahawa chungu ikaja, kashata ikaja, kisha mjomba wake akafungua kikao: "Mwalimu, uduvi sisi twaula tangu enzi za mababu. Leo mtoto apande ndege akausomee?" Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ndiyo aibu yangu, nikaondoka bila kumjibu neno la maana. Nayaandika hapa yale niliyopaswa kuyasema pale.

Kwanza, krili si uduvi. Undugu upo, lakini ni wa mbali. Ukimweka krili kiganjani, tazama matamvua yake: yananing'inia nje, kwenye mizizi ya miguu, kama pindo la shali. Kamba na uduvi matamvua yao yamefunikwa na gamba. Aina za krili duniani ni zaidi ya 80, na anayezungumzwa sana ni Euphausia superba wa Bahari ya Kusini. Urefu wake sentimita 6, uzito gramu 2 akinenepa. Mdogo hivyo, lakini ukiwapima wote kwa pamoja inakadiriwa ni mamia ya mamilioni ya tani.

Lakini wingi si hoja yangu. Hata mchanga ni mwingi.

Hoja yangu ni hii. Baiolojia ninayoiandika ubaoni imetokana na wanyama wachache waliokubali kuishi na binadamu ndani ya chupa: nzi wa matunda, panya, kuku, na minyoo fulani. Kwa kuwa hao ndio tunaowajua, tabia zao tumezigeuza kanuni. Mnyama huzaliwa, hukua, hukomaa, huzeeka, na mshale unakwenda upande mmoja tu. Krili huukunja mshale huo. Akikosa chakula wakati wa baridi, hupungua. Sisemi hukonda, nasema mwili mzima unakuwa mfupi. Na jike lililokwisha kukomaa hupoteza dalili za ukomavu, likarudi kama kigori, likangoja msimu ufunguke. Mtihani wa taifa ukiuliza "eleza maana ya ukuaji", krili anafeli. Au mtihani ndio unaofeli. Ndiyo maana nataka binti aende.

Kijana wa Changamwe

Mkeka nimetandika. Endelea, maalim.

Mama Kongowea

Mwalimu, mimi nauza samaki mwaka wa kumi na tisa huu. Kamba akipungua ni kwa sababu barafu imeyeyuka na mizani ya mtu ni ya wizi. Sasa huyu wako apungua vipi akiwa hai? Na gamba ni gumu, laenda wapi?

Mwalimu wa Tudor

Hapo ndipo penyewe, mama. Gamba halinyumbuki, kwa hiyo jamii yote ya kamba na kaa ni lazima ijivue. Wewe umeshaona kaa laini, yule aliyetoka kuvua gamba lake. Kwa kawaida mnyama akishajivua hujijaza maji, gamba jipya likakauka likiwa kubwa kuliko la kwanza. Hivyo ndivyo akuavyo, kwa vidato.

Krili hujivua kila baada ya wiki chache maisha yake yote, hata akiwa na njaa. Na hapo ndipo ajabu inapoanza, maana kutengeneza gamba jipya ni gharama. Mwenye njaa angesubiri. Krili hasubiri. Huchoma nyama ya mwili wake kama kuni, halafu gamba linalofuata analishona kwa kipimo cha mwili uliobaki. Ni kama fundi cherehani anayekupunguzia kanzu kila mwezi wa ukame. Mwaka 1982 watafiti wawili, Ikeda na Dixon, walichapisha kwamba waliwaweka krili bila chakula na wakaishi siku 211. Miezi saba, mama.

Sasa tazama linalofuata hapo. Kwenye uvuvi twakadiria umri kwa urefu: samaki mfupi ni mtoto, mrefu ni mzee. Kwa krili, mfupi anaweza kuwa mtoto wa mwaka huu au bibi wa miaka mitano aliyepita baridi kali. Ikawabidi watafute dalili nyingine. Wakagundua kwamba jicho halisinyai pamoja na mwili, kwa hiyo krili mwenye jicho kubwa kupita kimo chake ni aliyepungua. Baadaye wakapata mistari ndani ya kikonyo cha jicho inayohesabika mfano wa mistari ya mti uliokatwa. Swali hilo, yaani umri ni nini ikiwa mwili wenyewe hauutunzi, laulizwa kwa kamba na kaa wengine pia.

Mama Kongowea

Bibi mwenye umbo la mtoto na macho makubwa. Jirani yangu kabisa.

Mtu wa Hadubini

Samahani mwalimu, niweke mchanga kidogo kwenye wali huu. Mimi nafanya kazi maabara, si ya krili. Mnyama wa kutufundisha baiolojia lazima azae haraka, afugike kwa bei nafuu, na jeni zake ziweze kuguswa. Nzi wa matunda hukamilisha kizazi kwa siku kumi hivi. Krili huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kutaga, hutaka maji ya baridi karibu na sifuri, na kumpata ni lazima meli ivuke bahari yenye dhoruba kuliko zote. Mahali alipofugwa vizuri hadi akazaa ni pa kuhesabu kwa vidole, Tasmania wakiwa mbele. Kwa fedha za meli moja ungeendesha maabara ya nzi miaka mingi. Mapenzi ya mnyama yasituzuge.

Mwalimu wa Tudor

Ndugu yangu, karibu yote uliyosema ni kweli, na binti nitamwambia hivyo hivyo kabla hajafunga sanduku. Krili hatampokonya nzi kiti chake.

Lakini nzi umemchagua kwa sababu anakurahisishia wewe. Mdenmaki mmoja, August Krogh, mwenye Nobel ya 1920, alitoa rai nyingine mwaka 1929: kwa maswali mengi ya fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, kuna mnyama fulani ambaye kwake jibu linaonekana waziwazi kuliko kwa mwingine. Mtafute huyo. Wanasayansi wakaiita kanuni ya Krogh. Mfano wake tunao soko la samaki kila asubuhi: ngisi. Ana uzi wa neva mnene, karibu milimita moja, unaoonekana kwa macho matupu. Waingereza wawili, Hodgkin na Huxley, wakaingiza waya ndani ya uzi huo wakafafanua jinsi umeme wa neva unavyosafiri, wakapata Nobel 1963. Daktari anayekudunga ganzi ya jino leo anatumia elimu iliyopita kwa ngisi. Na hakuna aliyekamilisha kizazi cha ngisi kwa siku kumi.

Bint Likoni

Na kiti cha pweza msimsahau! Mwaka 1882 huko Messina, Italia, Ilya Mechnikov alichukua watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao inapenya mwanga kama kioo, akawachoma kwa miiba. Akaona seli zinakusanyika kuuzunguka mwiba ziumeze. Ndipo ikajulikana kwamba mwilini mna seli zinazokula maadui. Nobel 1908. Watoto wa pwani tunakanyaga maprofesa kila siku maji yakitoka.

Mtu wa Hadubini

Haya, Krogh nimemkubali. Lakini ngisi ana neva nene. Krili ana nini ambacho wengine hawana? Kupungua tu?

Mwalimu wa Tudor

Ana saa.

Fikiria anapoishi. Wakati wa kiangazi jua halizami, wakati wa baridi halichomozi. Sasa mnyama wa kawaida hupangilia mwili wake kwa mapambazuko na machweo. Huyu atapangilia kwa nini? Watafiti wa Ujerumani, taasisi ya Alfred Wegener wakiwa mbele, waliwaweka krili gizani kabisa. Mwili uliendelea kupanda na kushuka kwa mpango wake, bila jua la kuukumbusha. Saa iko ndani. Wakafanya lingine ambalo mimi nalipenda zaidi: waliwapa chakula tele, lakini wakabadilisha mwanga tu. Waliowekwa gizani, kama baridi ya huko, walipunguza kula na kupumua ijapokuwa meza imejaa. Kwa hiyo hakai na njaa kwa kukosa chakula peke yake. Mwili umeshajua msimu, ukazima taa za ziada mapema.

Wanaosoma usingizi wa binadamu, wafanyakazi wa zamu za usiku bandarini hapo Kilindini wakiwemo, swali lao ni hilohilo: saa ya ndani na mwanga wa nje zikigombana, nani mkubwa? Krili huishi ndani ya ugomvi huo mwaka mzima, na hafi.

Nahodha wa Mtwapa

Salaam. Mimi si msomi ila hili la saa nalijua kwa mkono. Usiku wa giza, mwezi haupo, twatoka na taa. Dagaa waja juu, na vidudu vingine vidogo vidogo hujaa kwenye mwanga hadi maji yawa kama uji. Mbalamwezi ikiwaka vizuri, twalala nyumbani, hakuna kazi. Karibu na alfajiri vyote vyashuka. Sijawahi kuviona vikikosea. Babangu alikuwa akisema bahari yapumua usiku.

Tena jambo jingine. Miezi ya kusi, kuanzia Julai, twaona nyangumi wenye nundu wakipita nje ya mwamba, Watamu mpaka Diani. Wengine na watoto. Watalii walipa pesa nzuri kuwaona siku hizi. Hao watoka wapi?

Mwalimu wa Tudor

Nahodha, Mungu akuweke. Swali la mjomba umelijibu wewe.

Hao watoka Antaktika. Kiangazi cha kule hula krili mpaka wajae mafuta, kisha hupanda mpaka maji yetu ya joto kuzaa. Wakiwa huku karibu hawali kitu. Kwa hiyo maziwa anayonyonyeshwa mtoto wa nyangumi mbele ya Diani yametengenezwa kwa krili wa nchi ya barafu. Anayelipa nauli ya mashua kumwona nyangumi, analipa mavuno ya krili bila kujua.

Na hicho kupanda usiku na kushuka alfajiri ndicho safari kubwa kuliko zote za wanyama duniani, na hufanyika kila siku, kila bahari. Krili ni miongoni mwa wasafiri wakuu. Akila mwani juu, akaenda haja chini, kinyesi chake huzama kwa kasi, kikabeba kaboni mpaka kina kirefu. Hewa chafu ya magari ya Makupa sehemu yake huishia huko.

Kijana wa Changamwe

Kwa hiyo choo cha krili kinatuokoa. Sawa.

Bint Likoni

Cha nyangumi pia, usicheke. Karne iliyopita nyangumi wa kusini waliuawa kwa wingi wa kutisha. Hesabu ya kawaida yasema walaji wakiisha, wanaoliwa watafurika. Krili hawakufurika. Maelezo yanayotiliwa uzito sasa ni madini ya chuma: mwani wa Bahari ya Kusini unakosa chuma, krili wamekibeba mwilini, na nyangumi akila krili hukirudisha juu majini kwa kinyesi chake. Ukimwondoa nyangumi, umeondoa mbolea ya shamba. Mimi nilifundishwa shuleni mshale mmoja, huyu anamla huyu, basi. Kumbe mlaji naye hupanda.

Mzee wa Dawa

Naona mnazungusha. Mafuta ya krili yauzwa madukani kwa ajili ya magoti na moyo. Mbona hamsemi? Nina chupa kadhaa, anayehitaji aje faraghani.

Mwalimu wa Tudor

Mzee, uzi huu si wa biashara. Mafuta yana omega-3, ni kweli, kama samaki wengine wenye mafuta. Magoti mpelekee daktari.

Mama Kongowea

Mimi nauliza la jikoni. Huyo akivuliwa, hukaa? Maana uduvi usipoanikwa siku hiyo hiyo ni harufu tu.

Mwalimu wa Tudor

Hakai kabisa, na sababu yake ni elimu tosha. Vimeng'enya vya tumbo lake, yaani protini za kuyeyusha chakula, ni vikali ajabu. Akifa tu vinaanza kumyeyusha yeye mwenyewe, ndiyo maana meli za uvuvi humshughulikia ndani ya saa chache. Sasa vimeng'enya vyetu sisi vimezoea joto la mwili, baridi huvifanya vizembe. Vya krili vinafanya kazi kwenye maji ya karibu sifuri. Protini inalegezwa vipi ifanye kazi kwenye baridi bila kuvunjika? Hilo ni swali la kemia ya uhai wote. Tayari vimejaribiwa kusafishia vidonda, kula nyama iliyokufa.

Ukali huo una upande mbaya pia. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walionyesha kwamba krili akimeza chembe za plastiki huzisaga zikawa ndogo zaidi, kiasi cha kuweza kupenya mahali ambapo chembe ya kwanza isingepenya. Tulidhani plastiki huvunjwa na jua na mawimbi. Kumbe na matumbo.

Mtu wa Hadubini

Nimerudi. Nilienda kusoma kuhusu jenomu yake, yaani maandishi yake yote ya urithi, nikajuta kubisha mapema. Imechapishwa 2023 na kundi lililoongozwa na Wachina. Herufi za DNA bilioni 48. Binadamu ana bilioni 3 hivi. Mdudu wa gramu 2 ana maandishi mara kumi na tano na zaidi ya yetu!

Na zaidi ya asilimia 90 ya maandishi hayo ni marudio, vipande vilevile vilivyojinakili tena na tena. Ni kama msahafu uliochapwa na fundi aliyesinzia mkono ukiwa juu ya mashine. Wanafunzi wangu wakiniuliza kwa nini kitunguu kina DNA nyingi kuliko mtu, huwa nawajibu haraka haraka. Kwa krili huwezi kujibu haraka. Kila seli yake ikigawanyika lazima inakili kitabu chote hicho, kwenye baridi, tena kwa mnyama anayeweza kukaa miezi bila kula. Anamudu vipi? Na kwa nini hajakipunguza? Hapo nimekubali ni mnyama wa Krogh. Waliona pia kwamba familia za jeni za kujivua gamba na za matumizi ya nishati zimeongezeka, jambo linalolingana na yale maelezo yako ya cherehani.

Ila la gharama ya meli bado nalishikilia.

Mwalimu wa Tudor

Lishikilie. Ni lako kwa haki.

Mwana wa Kisauni

Mimi swali langu ni la nyumbani. Mikoko yetu yakatwa, matumbawe yapauka, kasa wanaswa nyavuni. Mtoto wa Mombasa mwenye akili namna hiyo tumpeleke akahesabu wadudu wa barafu? Akirudi atafanya nini?

Mwalimu wa Tudor

Hili ndilo lililoninyima usingizi, kuliko kicheko cha mjomba.

Jibu langu si kamili. Akienda, atajifunza kupima saa ya mwili, kusoma jenomu ngumu, kukokotoa umri wa mnyama asiyeonyesha umri, kufuatilia kundi lenye maelfu kwa maelfu ndani ya mita moja ya ujazo likigeuka pamoja bila kiongozi. Ufundi huo hauna uraia. Kamba wa Ungwana na kaa wa mikoko ya Gazi nao hujivua magamba, nao tunawakadiria umri kwa rula. Na krili wenyewe si wa barafu peke yake. Bahari ya Hindi yenye joto ina aina zake, Euphausia diomedeae ni mmojawapo. Chombo cha utafiti tunacho, RV Mtafiti, na taasisi ya bahari iko hapo Mkomani. Kinachotakikana ni macho yaliyozoea kutazama vitu vidogo.

Lakini hatari ya kutorudi ipo. Siwezi kumdhamini mtu.

Nahodha wa Mtwapa

Mwalimu, hao wa maji ya joto, wapatikana wapi?

Mwalimu wa Tudor

Nje ya mwamba, penye kina. Mchana wako chini, usiku hupanda. Wadogo, sentimita moja na kidogo. Wengi wana vitaa kumi mwilini, viwili kwenye vikonyo vya macho na vingine chini ya kifua na tumbo, hutoa mwanga wa buluu.

Nahodha wa Mtwapa

Basi huenda nimewamwaga baharini maisha yangu yote nikidhani ni uduvi. Sikiliza. Giza la mwezi huu laanza wiki ijayo. Nitatoka upande wa Mtwapa na vijana wawili. Mlete huyo binti, na mjomba wake aje pia, maboya ninayo. Taa nitawasha mimi.

Mtu wa Hadubini

Wavu wa kitambaa laini ninao, na chupa zenye spiriti. Hadubini ndogo ya mkono naleta. Tuchukue kidogo tu, na tuombe ruhusa ya watu wa BMU, kamati ya wavuvi wa ufuo, kabla.

Mama Kongowea

Mjomba hatapanda mashua usiku. Namjua, atapika baharini kabla ya mwamba.

Mwalimu wa Tudor

Nimempigia sasa hivi. Kauliza kama kuna tangawizi ya kutafuna. Atakuja. Binti nimemwambia aanze kutazama matamvua, asidanganywe na rangi.